Kiapo cha Mbaluka

Majirani wa mtaa wa Mbotela walikuwa wameyazoea mayowe ya nyumba ya Muoki. Mara ya kwanza walivunja mlango wakidhani mtu anachinjwa. Wakamkuta Javan chali sakafuni, ulimi nje, na Muoki ametulia mezani, anaandika jinsi mwenzake alivyoanguka.

"Jamani, tuko kazini," Javan akasema bila kuinuka. "Lakini mama mmoja aje anikanyage kidogo, nijue marehemu husikiaje."

Walicheka, wakaenda zao. Tangu siku hiyo hakuna aliyehangaika tena. Ukisikia mtu anapiga kelele kwa Muoki, unasema wanaandika, unaendelea kuchambua mboga zako.

Muoki alikuwa karani wa bohari, Mkamba wa Kitui, mtu mkimya mwenye mwandiko kama wa kadi ya harusi. Javan, Mluhya wa upande wa Bungoma, aliendesha mashine katika kiwanda cha sabuni, na mdomo wake haukujua Jumapili. Mmoja alikuwa na maneno, mwingine ana kalamu. Hadithi zao waliziandika kwa desturi moja: kila tukio waliliigiza kwanza, kisha Muoki akalitia kwenye daftari. Mke wa Javan, Muhonja, alikuwa akisema mumewe ameoa wawili na yeye ndiye mdogo.

Mwaka huo wa tisini na nne walikuwa na hadithi ya ndugu wawili. Mbaluka anamkata nduguye Ngui kwa panga: begani, mkononi, mwisho shingoni. Kisha anakana. Baba yao anampeleka mbele ya kithitu, ile pembe ya kiapo ambayo Wakamba wenyewe huitaja kwa sauti ya chini. Mshitaki anaapa, mshitakiwa naye anaapa, na kabla ya siku saba kuisha mwongo amekwisha.

Tukio hilo liliwashinda. Javan aliapa kwa mwiko, akaapa kwa chupa ya soda, akasema halina damu. Basi Jumamosi moja mchana Muoki akatoa kitu chini ya kitanda, kimefungwa kitambaa cheusi. Kilikuwa cha mjomba wake aliyezikwa Februari. Waombolezaji walipokuwa wakila, Muoki aliingia ghalani akakichukua. Alijiambia ni kumbukumbu tu. Mwizi hakosi jina zuri la kukipa alichoiba.

Muoki akawa baba. Akaigonga pembe kwa kijiti mara saba. "Mbaluka alimuua mwanangu. Nikisema uongo, kinile."

Javan akapokea kijiti. "Mimi Mbaluka sikumuua Ngui. Nikisema uongo, kinile." Alitetemeka vizuri sana, mpaka akajisifu. Muoki akaandika kurasa nne bila kufuta neno.

Nje watoto walikuwa wakicheza. Wote wakanyamaza kwa pamoja, kisha wakaendelea.

Jumatatu Javan alikuwa kwenye mashine. Akasikia baridi begani, kisha majimaji. Wenzake wakamvua shati, wakarudi nyuma. Bega lilikuwa limepasuka hadi mfupa unaonekana mweupe. Shati halikuwa na tundu. Halikuwa hata na doa.

Jumatano ulifuata mkono, na hapo alikuwa amekaa kwake, anakunywa chai mbele ya Muhonja. Kikombe kikaanguka na vidole viwili ndani yake. Mwuguzi wa zahanati alishona, akamwuliza kwa upole ni nani aliyemkata kwa panga, na kwa nini anamficha.

Muoki alipoambiwa ni bega, kisha mkono, hakuhitaji kuambiwa kinachofuata. Yeye ndiye aliyeandika. Ijumaa alasiri Javan alimjia, amefunga bandeji mpaka kidevuni kana kwamba kitambaa kitazuia panga. Muoki akamweleza yote: kwamba pembe ni ya kweli, na kwamba mwenye pembe peke yake ndiye huvua kiapo, na mwenyewe sasa yuko chini ya udongo.

"Ulijua?" Javan akanong'ona.

"Nilidhani hadithi ni hadithi."

"Pembe haijui hadithi, ndugu yangu. Pembe imesikia mtu akiapa uongo." Kisha yule Javan wa siku zote akarudi machoni. "Lakini kitabu ni chetu. Tubadilishe. Andika mwizi ndiye aliyemuua Ngui. Nitakuwa nimeapa kweli."

Muoki alikaribia kulia kwa furaha. Akafuta mistari, akaandika mwizi. Javan akafungua bandeji: vidole havikurudi, lakini jeraha la bega lilikuwa linajifunga mbele ya macho yao, nyama inaishika nyama. Wakakumbatiana.

Muoki akasikia baridi begani mwake.

Hapo ndipo alipokumbuka kwamba naye aliapa. Kama Mbaluka hakuua, baba amemsingizia mwanawe. Mwongo lazima awepo. Alipotia mkono ndani ya shati, vidole vilizama.

Alivuta daftari, akafuta mwizi. Bega la Javan likapasuka upya. Javan akaona, akaelewa, akamrukia.

Walipigana juu ya meza ile ile waliyoandikia miaka sita. Javan akiipata kalamu, anaandika mwizi, mkono wa Muoki unafunguka kiwiko mpaka kiganja. Muoki akiirudisha, anafuta, Javan analia kama ng'ombe. Daftari halikulowa. Sakafu ililowa. Javan alimtia kidole gumba jichoni. Muoki alimng'ata sikio, akatema kipande. Nje, akina mama walikuwa wakimenya viazi, na mmoja akasema leo wameshika kweli. Muhonja alikuwa bombani anachota maji. Alisikia sauti ya mumewe, akatabasamu, akasogeza ndoo.

Muoki akaipata pasi ya makaa. Akampiga nayo tayani. Akampiga tena. Meno yakaruka. Javan akaanguka magoti, hana nguvu ya kuinuka, ana nguvu ya kutazama tu. Muoki akainama juu ya daftari. Akaandika pole pole, kwa ule mwandiko wake mzuri: Mbaluka alimuua Ngui.

"Muoki," Javan akanong'ona. "Usitie nukta."

Akatia.

Hapakuwa na panga. Hapakuwa na mkono. Shingo ilifunguka sikio hadi sikio, na kichwa kikalala mgongoni.

Polisi walipekua nyumba nzima. Hawakupata chuma chenye makali zaidi ya kisu cha mkate. Daktari akasema jeraha hili ni la panga, pasi haiwezi. Pembe nayo hawakuiona. Kitambaa cheusi kilikuwepo, kimefungwa fundo lake, hakina kitu ndani. Muoki alikaa rumande miezi minane, wakamwachilia kwa kukosa ushahidi. Akahamia mtaa wa Pipeline, ghorofa ya tano, mtu hamsalimu.

Siku moja mchana Muhonja akabisha. Alikuwa amerudishiwa daftari kituoni. Hakuvuka kizingiti. Alimnyooshea tu.

"Shemeji, nionyeshe ulichokuwa ukiandika mume wangu akifa."

Muoki akafungua. Kurasa nyingine zote zilikuwa na maneno. Ukurasa ule ulikuwa mtupu. Karatasi laini, haina alama ya kalamu, haijasuguliwa. Sentensi aliyomchinjia mwenzake haikuwepo. Basi kitabuni hapakuwa panaposema nani alimuua Ngui, pembe bado inangoja jibu, na kati ya walioapa aliyebaki ni yeye peke yake.

Akasikia baridi begani.

Akaomba kalamu. Muhonja akampa. Akaandika, haikuandika. Akajaribu kiganjani, wino ukatoka. Akarudi ukurasani, ikakwaruza pakavu. Akabonyeza mpaka kalamu ikavunjika. Mkono wake mwingine ulikuwa unafunguka, na alikuwa anasema, kwa sauti ya mtoto anayeomba kulala na taa, "Shemeji, nipe nyingine. Shemeji."

Muhonja alichukua daftari, akateremka ngazi bila kukimbia.

Siku hizi anakaa mtaa wa Shauri Moyo, na daftari analo. Kuna bibi mmoja jirani yake, mdadisi, ambaye alimsumbua mpaka akaruhusiwa kuugusa ukurasa ule. Ni mtupu kweli. Lakini ukiweka kidole katikati, ukakituliza, utasikia kitu kinapiga chini ya karatasi, pole pole, kama mshipa wa shingo.