Msiondoke Mlangoni

Asubuhi ile Kalekye na mumewe Mutunga walikuwa shambani kwao Kalama, wakivuna mbaazi.

"Kalekye, unachuma ama unakula?" Mutunga aliuliza.

"Nachuma. Wewe ndiye shavu limejaa."

Mutunga akacheka, akainama kuokota maganda yaliyoanguka kando ya tuta. Hakumwona kifutu, yule nyoka mnene ambaye hata ukimkaribia hakimbii. Nyoka akamuuma mkono.

Ngui, mdogo wake Mutunga, aliwabeba kwa pikipiki hadi hospitali moja ya binafsi kule sokoni. Walipofika, mkono ulikuwa umefura hadi begani. Karani wa mapokezi hakuuliza ni nyoka gani. Aliuliza kadi ya bima.

"Hatuna," akasema Kalekye.

"Basi lipeni depositi kwanza. Bila hiyo daktari hawezi kumwona."

Sasa, kwao mgonjwa ni wa mbai, yaani wa ukoo mzima. Mtu akiugua, mbai hukaa, kila mmoja akatoa alicho nacho, ndipo mgonjwa akapelekwa hospitali kwa heshima. Kwenda mikono mitupu ni aibu.

"Twende nyumbani, shemeji," Ngui akasema. "Mbai ikae."

Kalekye akakubali. Wakamwinua Mutunga, wakarudi naye.

Wazee walifika mmoja mmoja. Chai ikapikwa. Mzee Kilonzo, mwenyekiti wa mbai, alikuwa bado anafungua kikao kwa maombi, Mutunga akakata roho chumbani.

Mchango wa mbai ulinunua jeneza.

Baada ya mazishi, Kanini alikuja kumpa pole. Kanini ni mhudumu wa afya wa kijiji, anayetembelea watu nyumba kwa nyumba. Alimkuta Kalekye akipukuchua mbaazi. Akaketi chini, akaanza kupukuchua naye.

"Mume wangu alikufa kwa sababu sisi ni maskini," Kalekye akasema.

"Hapana, dada yangu. Katiba ya Kenya inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Hospitali ya serikali, ya kanisa, ya mtu binafsi, zote. Uko na bima, huna bima, ni sawa."

"Dharura ndiyo nini?"

"Ni jambo ambalo ukingoja, mtu atakufa ama abaki kilema. Kuumwa na nyoka. Damu isiyokoma. Kushindwa kupumua. Lazima wamshughulikie kwanza, hali yake itulie. Wakiwa hawana dawa ama daktari, wao ndio wapange jinsi ya kumfikisha kwingine."

"Na bili?"

"Bili itakuja, sikudanganyi. Lakini inafuata matibabu, haitangulii. Hospitali ikikataa mgonjwa wa dharura, imevunja sheria. Unaweza kupeleka malalamiko kwa ofisi ya afya ya kaunti."

Kalekye akaacha kupukuchua. "Kwa hivyo Mutunga..."

Kanini akamshika mkono.

Mvua zilipokuja, Munyiva, mke wa Ngui, alikuwa na mimba kubwa. Mchana mmoja akaanza kutokwa na damu nyingi. Kalekye alikimbia kwao, akamkuta Ngui uani, simu sikioni.

"Unampigia nani?"

"Mzee Kilonzo. Mbai ikae."

"Ngui! Mbai itakaa tukiwa huko. Mwite Nzuki alete gari!"

Nzuki, jirani yao, aliwafikisha hospitali ile ile. Karani alikuwa yule yule.

"Kadi ya bima?"

"Hatuna," Kalekye akajibu. "Huyu anavuja damu. Ni dharura. Sheria inasema atibiwe kwanza."

"Mama, mimi nafuata tu nilichoambiwa."

"Basi mwite aliyekuambia. Sisi hatutoki hapa."

Ngui akamvuta leso. "Shemeji, tusigombane na wenye hospitali."

Kalekye hakugeuka. Akapaza sauti, "Jamani, mama anakufa hapa!"

Muuguzi akatoka. Akaiona damu sakafuni. "Leteni machela!" akaita.

Munyiva akawekewa dripu, kisha hospitali ikaita ambulensi impeleke hospitali kubwa ya mjini. Huko akapasuliwa. Alipona, na mtoto wake wa kike akapona.

Mbai ilikaa kuzungumzia bili. Mzee Kilonzo akasema, "Kuanzia leo, mgonjwa kwanza, kikao baadaye. Kalekye, simama utuambie ulifanyaje."

Kalekye akasimama. Ngui alikuwa amempakata mtoto, macho ameyaelekeza chini.

"Sikufanya jambo kubwa," Kalekye akasema. "Mkifika pale, semeni ni dharura. Wakikataa, itisheni mkubwa wao. Kaeni hapo hapo mpaka mgonjwa wenu ashughulikiwe. Msiondoke mlangoni. Sisi na Mutunga tuliondoka."

Akaketi, akajifunika uso kwa leso. Hakuna aliyepiga makofi.