Siku Saba Safi

Kitanda cha dirishani kilikuwa na joto. Ndeshi aligundua hilo saa nne asubuhi, akitandika shuka, kazi aliyopewa baada ya daktari kusema ana nafuu. Tangu Mama Hans, mgonjwa mwenzao, aondoke, hakuna aliyelala pale. Aligusa godoro mara ya pili, akakuta bonde lililoachwa na mwili wa mtu, na harufu ya maziwa yaliyoungulia sufuriani. Akatandika, akahamia kitanda kingine.

Hakuogopa, lakini tusimpe sifa ya ushujaa. Ilikuwa sindano ya akili wanayodungwa kila mwezi. Ikishakuingia, hofu yako inakuwa kama msiba wa mtaa wa pili: unaambiwa, unasema poleni, unaendelea na shughuli zako.

Nyumba yao ipo mtaa wa Sokon One, nyuma ya kanisa. Inapokea watu wazima wenye ugonjwa wa akili wasio na pa kulala. Ndeshi alitolewa kwenye baraza za maduka, alikoishi miaka mitatu akibishana na sauti zilizomtukana. Ni nyumba nzuri, uji upo, blanketi lipo. Ila ina utaratibu wake. Kila asubuhi Nesi Anyesi anapita na daftari akimuuliza kila mmoja, "Umesikia sauti? Umeona mtu asiyekuwepo?" Ukijibu hapana siku saba mfululizo, ndugu zako wanapigiwa simu waje wakuchukue. Ukijibu ndiyo, hata iwe siku ya mwisho, unaanza upya na dozi inaongezwa. Basi kila mtu alijifunza kujibu hapana haraka, kabla swali halijaisha.

Ndeshi alikuwa siku ya tano. Binti yake Irine, anayefunga maua kwenye shamba moja Usa River, alishampangia chumba. Kulikuwa na mjukuu, Princess, wa miezi minane, ambaye bibi yake hajawahi kumshika. Ndeshi alimtaka yule mtoto. Katika mwili uliojaa ganzi, hamu hiyo peke yake ndiyo iliyokuwa bado inauma.

Siku ya sita alimwona. Mwanamume mrefu, amekaa kwenye kitanda cha dirishani mchana kweupe, magoti yamekunjika kwa nyuma kama ya kuku, na mwanga wa jua unapita kifuani mwake hadi ukutani. Alimtazama Ndeshi bila kupepesa macho, wala hakusema neno. Ndeshi alizijua sauti za ugonjwa wake, na hazikuwahi kunyamaza hivyo.

Jioni aliosha vyombo na Nashipae, mwanamke wa Monduli anayelala kitanda cha pili.

"Na wewe unamwona," Ndeshi alinong'ona.

"Shusha sauti."

"Ni nani?"

"Ni jini. Mama Hans alimkana siku saba mbele ya nesi. Alipokuja kuchukuliwa nilikuwa dirishani, nikaona huyo anatoka naye getini. Ukimkana siku saba, unakuwa umemchukua." Nashipae alisugua sufuria iliyokwisha takata. "Mwezi haukuisha, tukasikia Mama Hans amefariki, na mjukuu wake pia. Jini akarudi kitandani kwake."

"Wewe mbona humwogopi?"

"Mimi sina wa kuja kunichukua. Atanifuata wapi?"

"Na nesi hukumwambia?"

"Aniongezee dozi? Wewe ungemwambia?"

Jumamosi, siku ya saba, Irine alifika amevaa gauni la kanisani, Princess mgongoni. "Shikamoo mama," alisema, akalia kidogo, akacheka. Nesi Anyesi akafungua daftari, akauliza lile swali lake, na wakati anauliza yule mwanamume aliinuka kitandani, akaja taratibu kwa yale magoti yake, akapita katikati ya watu ambao wote walitazama chini, akasimama nyuma ya Irine, akainama, akainama zaidi, mpaka uso wake ukawa shavuni kwa mtoto, na ile harufu ya maziwa ikajaa chumba kizima.

"Mama Irine? Umeona mtu asiyekuwepo?"

"Ndiyo," Ndeshi alisema. "Namwona sasa hivi."

Irine aliondoka analia, mtoto mgongoni, na yule mwanamume akabaki. Ndeshi alimwona akirudi kitandani, akashukuru. Saa hiyo hiyo akadungwa sindano, dozi ya juu.

Jumapili hakumwona tena, wala hakusikia sauti. Kitanda kilikuwa kitanda tu. Nesi alipouliza alijibu hapana, na kwa mara ya kwanza ilikuwa kweli. Siku ya nne akili ilimrudia kidogo, akaelewa kwamba siku za kumkana zinahesabika na yeye hawezi tena kujua jini yupo wapi.

"Nesi, namwona," alisema.

"Amevaa nini?"

Ndeshi akageukia kitanda cha dirishani, akaona shuka tu.

Nesi Anyesi alimshika mkono kwa upole. "Mama Irine, usiogope kurudi nyumbani. Wengi wanaogopa, wanasema hivyohivyo." Akaandika hapana.

Jumamosi Irine alirudi. Ndeshi alifunga kanga zake mbili kwenye mfuko, akamfuata Nashipae penye kamba ya nguo.

"Nitazame. Niko peke yangu?"

Nashipae alimtazama, kisha akatazama juu ya bega lake la kushoto. Akachukua shuka lililokauka, akalikunja mara mbili.

"Usiniulize, dada," alisema. "Nenda tu, binti yako anasubiri."

Nje ya geti Irine alimpa mtoto. Princess alikuwa mzito kuliko alivyomwazia, na mara tu alipolazwa kwenye bega la kushoto alikakamaa, akapiga yowe, akawa anasukuma kitu kwa viganja vyote viwili. Ndeshi alijua kwamba hapa ndipo mtu huogopa. Alisimama akaingoja hofu. Akaingoja na ile hamu ya mtoto, nayo haikuja. Basi akamhamishia bega la kulia, wakaendelea kutembea kuelekea kituoni.