Dobi na Sponji Isiyofuliwa

Dobi alikuwa mtu wa usafi. Kabla jua halijapanda, karai lake lilikuwa limeshajaa povu. Alisugua kola kwa brashi, akasuuza mara tatu, akaanika. Mke wake alipiga pasi. Binti yao, ambaye kwa wingi wa maneno aliitwa Kasuku, alipeleka nguo kwa wateja akitoka shule.

Na Bibi, mama yake dobi, alifunga vifungo. Msidhani hiyo ni kazi ndogo. Shati likishapigwa pasi hufungwa vifungo vyote ndipo likunjwe, la sivyo kola inalala. Miaka nenda miaka rudi, Bibi alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango, akafunga vifungo huku akiwasengenya wateja.

"Huyu kanenepa," alisema. "Kifungo cha tumbo kinalia."

Kisha Bibi akapata kiharusi. Alipona, lakini mkono wa kulia ulibaki mzito. Vidole vilikataa kubana. Muuguzi alisema vidole hivyo vipewe kazi ndogo kila siku, visije vikasahau. Bibi alijaribu kifungo kimoja. Kikamshinda. Akajaribu tena, machozi yakamtoka. Akasema asiletewe shati tena maishani mwake.

Hapo ndipo samaki walipoingia nyumbani. Mteja mmoja aliyekuwa akihama aliwaachia tangi la kioo, pampu ndogo yenye sponji ya kuchuja maji, kopo la chakula, na samaki watano wa rangi ya chungwa. Dobi aliliweka tangi chumbani kwa Bibi, nyuma ya duka, mahali pasipopigwa na jua. Bibi aliwatazama kutwa nzima. Mmoja alikuwa mnene, anatembea kwa kujivuna. Akamwita Jemadari.

Siku ya tatu Bibi alitia mkono wa kulia ndani ya kopo. Vidole viwili vikabana chenga za chakula. Nusu zilianguka mezani, nusu zikafika majini. Jemadari akazila.

"Umeona?" Bibi alimwambia mwanawe. "Nimebana!"

Dobi alifuta macho kwa mkono wa shati. Tangu siku ile, samaki wale walikuwa watu wa nyumbani.

Wiki mbili hazijaisha, maji yakawa meupe kama maji yaliyooshewa mchele. Kisha yakaanza kunuka. Harufu ilipita chini ya mlango, ikaingia dukani, ikajichagulia pa kukaa. Mteja mmoja alikuja kuchukua shati lake, akalinusa.

"Fundi," aliuliza, "umefulia bwawani?"

Dobi aliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Jioni ile alikunja suruali, akalivamia tangi. Alimwaga maji yote. Changarawe za chini alizichemsha. Kioo alikisugua kwa brashi na sabuni. Alipofungua pampu na kuiona sponji, alishtuka. Ilikuwa ya kahawia, ina utelezi kama konokono.

"Kumbe mchawi ni wewe!" aliiambia.

Akaifua kwa sabuni ya unga, akaisuuza mara tatu, ikawa nyeupe pee. Akajaza tangi maji ya bomba, mapya, hadi juu. Maji yakang'aa. Kasuku akapiga makofi.

Siku ya tatu maji yakawa meupe tena.

Dobi akafua tena. Maji yakachafuka tena. Akaongeza sabuni, akaongeza nguvu, akaongeza na matusi kidogo. Alivyozidi kufua ndivyo yalivyozidi kunuka. Asubuhi moja samaki mdogo kuliko wote alikutwa amekufa. Dobi alimtoa kimyakimya, akamfukia uani, akarudi akipiga mluzi.

"Mwanangu," Bibi alisema, "mkono wangu ndio mzito. Macho yanahesabu vizuri. Wamebaki wanne."

Siku ile Bibi hakula. Mkono wa kulia pia hakuunyoosha. Uliachwa juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine.

Mke wa dobi alimvuta mumewe pembeni. "Sina ugomvi na samaki. Lakini sisi tunauza usafi, na wateja wameanza kunusa. Mpaka Jumamosi. Maji yasipotulia, tangi litoke."

"Na mama je?"

Mke aliinamia pasi yake, maana yeye pia alimpenda mkwewe.

Ijumaa dobi alikuwa amesimama mbele ya tangi na kichupa cha bluu, ile bluu ya kung'arishia mashati meupe.

"Tone moja tu," alijisemea.

"Thubutu!" Bibi alifoka kutoka kitandani. "Jemadari si shati!"

Wakati huohuo mtu akabisha hodi dukani. Alikuwa Mama Maabara, mteja wa siku nyingi. Alifanya kazi kwenye maabara ya maji ya mji, akiyapima maji ya bomba kabla watu hawajayanywa. Kila Ijumaa alileta makoti yake meupe. Leo aliweka mfuko mezani, akanusa.

"Fundi, kuna maji yanaoza humu."

"Ni mtaro wa nje, dada," dobi alisema haraka.

"Mwongo huyo!" Sauti ya Bibi ilitoka chumbani. "Ni samaki wangu! Ingia, mwanangu, uone. Mficha uchi hazai!"

Mama Maabara aliingia. Alimsalimu Bibi, akainama mbele ya tangi. Samaki wote wanne walikuwa juu kabisa, wanahema midomo wazi.

"Nani anawalisha?"

"Mimi," alisema Kasuku, "asubuhi kabla ya shule. Na nikirudi."

"Mimi mchana," alisema mama yake. "Wananiangalia kwa huruma."

"Mimi jioni," alisema dobi. "Na mteja akiingia kumsalimia mama, naye huwatupia kidogo."

"Na mimi," Bibi alisema polepole, "zamani nilikuwa nalisha. Sasa nikinyoosha mkono wananiambia, mama pumzika, tutakulishia sisi."

Mama Maabara alitikisa kichwa. "Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Tumbo la samaki mmoja halizidi jicho lake. Mliangalie hilo jicho. Mnachomwaga humu kila siku kingewatosha wiki nzima. Kinachobaki kinazama, kinaoza. Harufu ndiyo hiyo. Na vijidudu vinavyokila vinazaliana hadi maji yanakuwa na ukungu."

"Lakini mimi naosha kila kitu!" dobi alijitetea. Alichomoa sponji kwa fahari, akaiinua. Ilikuwa nyeupe kama wingu. "Ona!"

Mama Maabara alishika kichwa.

"Fundi wee! Umefukuza wafanyakazi wote!"

"Wafanyakazi gani?"

"Sikiliza. Samaki anajisaidia humuhumu anamoishi. Uchafu wake unatoa sumu inayoitwa amonia. Huioni kwa macho, lakini inamchoma samaki. Kuna bakteria wema wanaoila sumu hiyo na kuipunguza makali. Unajua wanaishi wapi? Kwenye changarawe. Na zaidi kwenye sponji, ndani ya ule utelezi wa kahawia."

Dobi aliishusha sponji.

"Ule niliouita mchawi," dobi alisema kwa sauti ndogo.

"Ndio hao. Umewachemsha, umewatia sabuni. Waliobaki umewamwagia maji ya bomba yenye klorini, dawa tunayotia sisi kazini kuua vijidudu. Wakianza kurudi, unawafua tena."

Neno hilo lilimchoma dobi. "Miaka ishirini nafua nguo za watu. Leo naambiwa nimeua kwa usafi?"

"Kuuliza si ujinga, fundi, na wewe hukuuliza. Kola ni kola. Hii sponji ni nyumba ya viumbe hai."

"Sasa Jemadari atapona?" Bibi aliuliza.

"Tukianza sasa hivi, nina matumaini. Nileteeni ndoo ambayo haijawahi kuona sabuni."

Dobi alimtazama mkewe. Mke alimtazama Kasuku. Nyumba nzima ilikuwa na ndoo kumi na moja, na hakuna hata moja ambayo haikuwahi kuona sabuni. Mama Maabara alicheka hadi akashika ukuta. Ikabidi Kasuku atumwe dukani kununua ndoo mpya, na kwenye duka la samaki wa kufugwa kununua matone ya kuondoa klorini.

"Tukiyaacha maji yakae tu, klorini haitoki?" dobi aliuliza. Sasa alikuwa ameanza kuuliza.

"Aina nyingine hutoka, nyingine haitoki. Matone ni salama zaidi. Soma kwenye chupa, utie kama ilivyoandikwa."

Kasuku aliporudi, ndoo ilisuuzwa kwa maji matupu. Mama Maabara akamwonyesha dobi namna ya kunyonya uchafu kwa kipande cha mpira wa maji. Ncha moja inapita juu ya changarawe, nyingine inashuka ndani ya ndoo. Uchafu wa chini ulipanda na maji, mweusi, unanuka vibaya sana.

"Basi! Simama hapo," alisema. "Toa robo tu ya maji. Ukiyatoa yote samaki wanashtuka. Jaza maji yaliyotiwa matone, na yasiwe ya baridi kuliko haya."

"Na sponji?"

"Leo usiiguse. Siku ikiziba sana, ichovye kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, uikamue mara mbili tatu, uirudishe ikiwa chafu."

"Ikiwa chafu!" Dobi alirudia kama mtu aliyeambiwa atembee uchi sokoni.

"Na pampu isizimwe, usiku na mchana."

Mke wa dobi alikohoa. "Mimi huizima tukienda kulala. Inanguruma."

"Ikizimwa, wale wema hukosa hewa wakafa. Iwekee kitambaa chini, itanyamaza. Wiki hii mtoe robo ya maji kila siku. Yakitulia, mara moja kwa wiki inatosha. Chakula, hakuna kwa siku mbili."

"Siku mbili!" Bibi aliruka.

"Hawatakufa, Bibi. Kilichowaumiza ni shibe. Baada ya hapo watakula mara moja kwa siku, kiasi cha kumalizika kwa dakika mbili. Na atalisha mtu mmoja tu."

"Mimi!" alisema Kasuku.

"Wewe unamwaga kama mvua. Namtaka mtu ambaye hata akitaka, hawezi kubana chakula kingi."

Macho yote yaligeuka kitandani. Bibi aliutazama mkono wake wa kulia.

"Mkono huu," alisema, "ndio mnaoutaka?"

"Huo huo. Una kipimo sahihi."

Bibi alijiweka sawa kwenye mto kama mtu aliyepewa cheo.

Ilipofika Jumamosi harufu ilikuwa imepungua, ingawa ukungu ulibaki palepale. Mke wa dobi alinusa mlangoni, akasema, "Haya, wiki tatu nyingine." Jumapili Jemadari alishuka kutoka juu, akaacha kuhema. Jumatatu Bibi alilisha. Vidole vilitetemeka, lakini chenga zilifika. Kasuku alihesabu dakika mbili kwenye saa ya ukutani. Hakikubaki kitu.

Mateso yalikuwa ya dobi. Kungoja kulimshinda. Sponji ilianza kurudi rangi ya kahawia, naye alipita mbele ya tangi mara kumi kwa siku, mikono inamwasha. Siku ya tisa alinyata, akaanza kuifungua pampu.

"Toa mkono!" Bibi alisema bila kufumbua macho. "Waache wafanyakazi wafanye kazi."

Dobi akarudi kwenye karai lake. Akafua mashati ya watu kwa hasira, yakatakata kuliko siku zote.

Siku ya kumi na tisa, asubuhi, Kasuku alipiga yowe. Wote walikimbilia chumbani wakidhani kuna msiba. Kasuku alikuwa amepiga magoti mbele ya tangi, akisoma kwa sauti tarehe za kalenda iliyotundikwa ukutani nyuma ya tangi. Alizisoma kupitia majini, zote, hadi zile za maandishi madogo. Jemadari alikatiza mbele ya tarehe kumi na tano, akageuka, akarudi. Mke wa dobi aliinama, akanusa. Akanusa tena.

"Hayanuki," alisema. "Hayanuki kabisa!"

Dobi alimkumbatia mkewe, akamkumbatia binti yake, akataka kulikumbatia tangi. Kinyozi hajinyoi, lakini dobi huyu alikuwa amesafisha nyumba yake mwenyewe kwa kuacha kufua.

Ijumaa ile Mama Maabara alikuja kuchukua makoti yake. Aliangalia tangi, akapima maji kwa vifaa alivyokuja navyo mfukoni. Hakuna amonia. Alimpa dobi mkono kama wanavyopeana mafundi wawili.

Koti la mwisho lilikuwa bado mezani, limepigwa pasi, halijafungwa vifungo. Dobi alinyoosha mkono alichukue.

"Lete hapa," alisema Bibi.

Alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango. Hawakujua ametoka chumbani saa ngapi. Koti likawekwa mapajani mwake. Mkono wa kushoto ukashika tundu. Vidole viwili vya kulia, vilivyobana chenga za samaki siku baada ya siku, vikabana kifungo. Kikateleza. Vikakibana tena. Kikapita.

Cha pili kikapita. Cha tatu, cha nne. Cha tano kilichukua muda, jasho likamtoka Bibi, kikapita. Kisha cha sita. Dobi alikuwa analia waziwazi, akijifuta kwa shati la mteja.

Bibi alilitazama koti, akamtazama mwenye koti kuanzia juu hadi chini.

"Mwanangu," alimwambia Mama Maabara, "umenenepa. Kifungo cha tumbo kinalia."

Duka zima lilipasuka kwa kicheko. Bibi hakungoja wamalize. Alimgeukia mwanawe, akanyoosha mkono wa kulia.

"Unalia nini? Lete lingine."