Aliyekuwa Ndani ya Blanketi la Samwel

Pumzi zilikuwa tatu.

Selestina alikuwa amejifunika blanketi pamoja na mumewe, Onesphory, wameinamia sufuria ya majani ya mkaratusi na mchaichai, wanajifukiza kama kijiji kizima cha Vidunda kilivyokuwa kikijifukiza mwaka ule wa korona. Pumzi yake aliijua. Ya Onesphory aliijua pia, miaka arobaini inamkoromea sikioni, tena mwenyewe ana pumu. Ya tatu ilitoka upande wa ukutani, ambako hapakuwa na nafasi ya kuweka hata kuku. Ilivuta ndani polepole, kwa muda mrefu. Haikutoa.

Akafunua blanketi. Ilikuwa saa nne asubuhi, ukungu wa Julai umeziba mlango, na mle sebuleni mlikuwa na watu wawili na sufuria moja.

"Mvuke unapotea, Mama Herman," Onesphory akalalamika, akajifunika tena peke yake.

Lile blanketi lilikuwa la Samwel, mdogo wake Onesphory, aliyefariki mwezi wa tano kwa kukosa pumzi. Watu walisema nimonia, kwa kuwa neno lingine lilikuwa halijaruhusiwa mdomoni. Siku ya kuanua matanga, vitu vya marehemu vilipogawanywa, kaka mtu akapewa blanketi. Sasa, kule mlimani nguo ya marehemu haigusi ngozi ya mtu mpaka ifuliwe mtoni na kukaukia juani. Hilo kila mtu analijua, hata wale wanaokaa benchi la mbele kanisani. Lakini jua lilikuwa halijaonekana wiki tatu, blanketi zito kama lile lingeozea kwenye kamba, na mablanketi mengine ya nyumba ile yalikuwa mepesi, yanavujisha mvuke. Onesphory, katekista mstaafu, akasema mambo ya kufulia mtoni ni ushirikina. Akalitumia hivyo hivyo. Selestina alinyamaza, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo, na alikuja kujilaumu.

Kuanzia siku ile nyumba ikanuka ugoro. Onesphory hakuwahi kunusa ugoro maishani; aliyenusa alikuwa Samwel. Kisha mzee akaanza kujifukiza mara mbili kwa siku, mara tatu, mara nne, na kila akitoka midomo ilikuwa imepauka zaidi, na kufika chooni akawa hawezi mpaka asimame njiani kama mzigo umemshinda. Selestina alimsikia akizungumza mle ndani kwa sauti ya chini, akicheka kidogo, akinyamaza kama mtu anayesikiliza. Alipomuuliza, hakuficha. Samwel alikuwa anakuja. Samwel alimwambia lilipo jembe lililopotea tangu masika, na kweli lilikuwapo. Samwel alijua mvua itanyesha lini. Samwel alijua yote.

"Samwel tumemzika," Selestina akasema.

"Ndiyo maana anajua."

Ndipo ikatangazwa kwamba Alhamisi chanjo ingefika zahanati. Onesphory akasema haendi, na sababu zake za kwanza hazikuwa za kijinga. Redio ile ile, alisema, jana ilituambia tuchemshe majani, ugonjwa umekwisha. Leo inatuambia tukimbilie sindano. Sasa walitudanganya lini, jana au leo? Swali hilo lilimkera hata Selestina. Ila sababu ya mwisho ilimsisimua mwili. Samwel amekataza, mzee akasema. Ameapa kwamba atakayechanjwa hamalizi miaka miwili, na kwamba asiyechanjwa, akikaa ndani ya blanketi, hatakufa kamwe.

"Kamwe?"

"Ameapa."

Selestina akavaa viatu, akashuka zahanati kwa Devota, nesi aliyekaa mlimani miaka kumi na mmoja wakati wenzake walikuwa wakiomba uhamisho kabla hata ya kufungua mabegi. Devota akamwamkia. Selestina akaitikia marahaba, akauliza bila kuzunguka: hii sindano itamzuia mzee asife? Devota akasema hilo hawezi kuliahidi. Itapunguza sana kuugua vibaya, hasa kwa mtu wa pumu. Mkono utauma, na homa inaweza kumshika siku mbili. Na baada ya miaka ishirini je? Hapo Devota akakuna kichwa.

"Sijui, mama," akasema. "Nisikudanganye. Ninachojua ndicho hicho nilichokwambia. Mimi nitachanjwa wa kwanza, mje mnione."

Selestina alipanda kilima akilitafuna lile sijui. Lilikuwa neno dogo, lakini ndilo pekee mwaka ule mzima ambalo hakulitilia shaka.

Alhamisi, aliporudi kutoka kuteka maji, alikuta mlango umefungwa kwa ndani. Akausukuma kwa bega. Ndani palikuwa na baridi ya pango, moto ulikuwa umezimika tangu jana na sufuria ilikuwa imefudikizwa juu ya kinu bila tone la maji wala jani, lakini blanketi lilikuwa limesimama katikati ya sebule likifuka mvuke kwenye pindo zake zote, na chini yake ulionekana mgongo wa Onesphory, na ubavuni mwake mgongo mwingine, mrefu zaidi, uliojikunja kumzunguka kama jongoo, na kila mgongo huo ulipopanda kwa kuvuta pumzi ule wa Onesphory ulishuka, kila mara chini zaidi, na ile harufu ya ugoro ilikuwa imegeuka harufu ya udongo wa kaburi uliotoka kuchimbwa sasa hivi.

Mtu mwingine angekimbia. Selestina akainua pindo, akaingia.

Hakuona kitu. Alihisi kitu kikavu, chenye kukwaruza kama ulimi wa ng'ombe, kikimpitia shavuni, halafu sauti ya Samwel, ile ile, ikamkaribisha kwa upole.

"Kaa, shemeji. Humu hakuna anayekufa."

"Umekuwa na akili nyingi siku hizi," Selestina akasema, meno yakigongana. "Samwel akiulizwa leo ni siku gani alikuwa anasema, 'Sijui, muulizeni kaka.' Hebu niambie kitu kimoja tu usichokijua."

Kile kitu kikavu kikaacha kukwaruza.

"Kimoja. Hata kidogo."

Blanketi likaanza kubana.

"Baba Herman, unasikia? Mdogo wako angekuwa ameshajibu zamani."

Onesphory alikohoa. Sauti yake ilitoka mbali, kama ya mtu aliye chini ya kisima. "Sema, Samwel," akanong'ona. "Sema kama zamani. Sema hujui."

Hakikusema. Kilichofuata kilikuwa mlio, si wa mtu, si wa mnyama, mlio wa hewa inayovutwa kutoka kila pembe ya nyumba, blanketi likamgandia Selestina puani na mdomoni kama ngozi mbichi, akalishika kwa kucha na kwa meno, akapata tundu, akapitishia hapo kelele moja tu ya kuomba msaada.

Aliyesikia alikuwa mzee Budeba, mfugaji wa Kisukuma aliyekuwa akipanda na mkewe kutoka bondeni kwenda kwenye foleni ya chanjo. Pale mlimani hakuwa akisalimiwa vizuri tangu ng'ombe wake walipoingia kwenye maharage ya watu. Hakuuliza kitu. Alimshika Onesphory miguu, akavuta kama anavyovutwa ndama aliyekwama uzazini, na Selestina akatoka amemkumbatia. Blanketi likaanguka sakafuni, bapa.

Budeba alimbeba mzee mgongoni hadi zahanati. Devota akampa dawa ya pumu ya kuvuta, akakataa kumchanja mpaka pumzi itulie. Wakasubiri saa mbili. Kwenye foleni mtu akamdhihaki Budeba kwamba hata yeye ameletwa kuchomwa. Budeba akasema ng'ombe wake wote amewachanja kwa mkono wake, kila mwaka, sasa abaki yeye tu?

Onesphory alipokaa mwenyewe kwenye kiti cha sindano, sauti ikaja dirishani, kutoka ndani ya ukungu.

"Kaka. Utakufa."

Kila mmoja aliisikia, na kila mmoja aliisikia kwa sauti ya mtu aliyemzika mwenyewe.  Devota akaiweka sindano mezani.

"Mzee," akasema taratibu, "hakuna anayekulazimisha. Una uhakika?"

"Sina," Onesphory akasema, akakunja mkono wa shati. "Choma."

Selestina akaenda dirishani. "Atakufa siku yake ikifika," akauambia ukungu. "Wewe endelea kusimama huko nje, kuna baridi nzuri."

Sindano ikaingia. Huko nje ile sauti ikaanza kuita majina, moja moja, kwa mapenzi, na watu wawili wa mwisho wa foleni wakageuka, wakaifuata ndani ya ukungu huku wakitabasamu, wala hakuna aliyewahi kuwashika.

Waliobaki wakatazamana. Halafu mke wa Budeba akapangusa mikono kwenye kanga, akakaa kwenye kiti, na wa nyuma yake wakasogea kuziba nafasi.