Tabibu Aliyefunika Skrini

Asubuhi nyumbani kwa Tabibu ilikuwa patashika. Yeye alitafuta kiatu cha pacha mmoja, mkewe akamlisha mwingine. Kisha wakaondoka pamoja. Mke alikuwa muuguzi, na wote wawili walifanya kazi katika chumba cha dharura cha hospitali ndogo.

Chumbani humo palikuwa na skrini yenye kamera. Ukibonyeza kitufe, daktari bingwa wa hospitali kubwa anatokea. Anamwona mgonjwa, anawashauri mnaomtibu. Kitu kizuri kweli! Lakini Tabibu alikuwa ameifunika kwa shuka.

"Baba Pacha, shuka hili litakaa hapa mpaka lini?" mkewe aliuliza.

"Mpaka yule Mkaguzi achoke. Mimi sipendi kuchunguliwa nikiwa kazini."

"Si mkaguzi. Ni daktari mwenzako."

"Miaka yote hii natibu watu, leo niulize kwenye televisheni? Wagonjwa watasema sijui kazi."

"Haya, mbishi wangu," mkewe alicheka.

Mchana seremala aliingia mbio, amembeba mkewe, fundi cherehani. Nyuki walikuwa wamemuuma. Uso ulikuwa umevimba, na alipumua kwa shida.

"Daktari, niokolee mke wangu! Sina mwingine!"

Tabibu hakuzubaa. Alimchoma sindano ya adrenalini pajani. Muuguzi akamwekea oksijeni na dripu. Wakasubiri. Wapi! Mgonjwa alizidi kulegea na presha ikashuka.

Tabibu alishika sindano ya pili, akasita. Je, dawa ikizidi na moyo ukasimama? Jasho lilimtoka.

"Baba Pacha, tumwite?"

Tabibu alimtazama seremala, aliyekuwa ameshika mkono wa mkewe huku akilia.

"Mwite."

Muuguzi alivuta shuka, akabonyeza kitufe. Akatokea mama mmoja, miwani juu ya paji la uso.

"Poleni na kazi. Kaka, umempa nini?"

"Adrenalini, pajani. Nataka kurudia, lakini naogopa." Maneno yalimtoka yenyewe.

"Umeanza vizuri kabisa. Dakika tano zimepita?"

"Zimepita," muuguzi alijibu.

"Basi rudia dozi ileile, pajani. Mlazeni chali, miguu juu. Dripu iende kasi. Nyie shikeni mgonjwa, mimi nashika saa."

Wakafanya hivyo. Polepole pumzi ikafunguka, presha ikapanda. Fundi cherehani akafumbua macho.

"Pasi! Nimeacha pasi inawaka!"

"Iwake tu, mke wangu!" seremala alisema, akicheka na kulia kwa pamoja.

"Asiende nyumbani leo," daktari alionya. "Hali hii inaweza kurudi."

Tabibu alijipangusa uso. "Daktari, nisamehe. Nilidhani unatukagua."

"Mimi? Mgonjwa akinizidia, nami huita mwenzangu. Hofu humsahaulisha mtu hata anachokijua. Mgonjwa bado ni wako, kaka. Mimi nakusaidia tu kuona."

Siku chache baadaye aliletwa mtoto mwenye degedege. Tabibu alimlaza mtoto kwa ubavu, na hapohapo akamwambia muuguzi mpya abonyeze kitufe.

"Lakini atatuona tukibabaika," binti yule alinong'ona.

"Atuone tu, mwanangu. Aibu yangu nusura imuue mke wa mtu."