Viatu Vyeupe Mlangoni

Mlangoni pa hoteli moja ya Longyearbyen, mji wa visiwa vya Svalbard karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, palikuwa na watu kama sitini, wote wameinama wakivua viatu. Ndiyo desturi ya mji wetu tangu enzi za migodi ya makaa: haingii mtu ndani na viatu, awe tajiri mwenye meli yake au fundi bomba. Torunn Brekke, mwongoza watalii, hakuwa na muda wa kuwacheka wageni walioshikana mabega wasianguke. Wageni wake wanane walikuwa wanamngoja nje, tayari kwenda kambini. Alivuta buti la kulia, akavuta la kushoto, akachukua bunduki yake ya kujikinga na dubu kabatini na kutoka mbio.

"Samahani, dada. Umevaa buti langu."

Nyuma yake mwanamume mrefu alisimama thelujini kwa mguu mmoja, mwingine ukining'inia katika soksi nyekundu, aproni ya jikoni ikipepea.

"Haya ni yangu," Torunn alisema.

"La kulia ni lako. La kushoto ni la Eilif, mpishi wa hapa. Chungulia ndani, mama yangu kanishonea herufi E."

Herufi ilikuwepo. Torunn alivaa namba arobaini na mbili, na mguu wake haukuwa umehisi tofauti yoyote.

"Miaka thelathini na minne natafuta mwanamke wa kulingana naye viatu," Eilif alisema, "kumbe yuko hapahapa Svalbard."

"Na mimi natafuta mwanamume asiyenisema miguu. Bado sijampata."

Alisema hivyo, lakini alipomrushia buti lake alikuwa anacheka.

Mapenzi yao yalikua kwa simu. Kambi ya Torunn ilikuwa mwendo wa saa tatu kwa pikipiki ya theluji: mahema manane yenye paa za kioo, magodoro ya manyoya ya bata, na bafu la mvuke pembeni mwa barafu iliyoganda tangu dunia iumbwe. Chakula chote kilitoka jikoni kwa Eilif. Kila jioni saa kumi na mbili kamili, kiongozi lazima apige simu ya satelaiti mjini na kutoa ripoti: watu wangapi, upepo ukoje, dubu yupo au hayupo. Ripoti ikikosekana au ikikatika katikati, helikopta inaruka. Eilif akaanza kumpelekea kahawa Gro, mama wa zamu ofisini, saa hiyohiyo, ili simu aipokee yeye.

"Watu tisa, upepo mdogo, dubu hakuna," Torunn angesema.

"Na kiongozi?"

"Kiongozi anasema chumvi imezidi."

"Hiyo si chumvi, hazina yangu. Ni mapenzi."

Walikuwa na furaha, isipokuwa jambo moja. Meli ya kifahari ilimtaka Torunn awe mkuu wa waongozaji wake kwa miezi kumi, kwanza Greenland, kisha barafu ya kusini kabisa mwa dunia, na jibu lilitakiwa kabla ya Ijumaa. Alipomweleza Eilif, jamaa alisema, "Kazi nzuri hiyo," akaendelea kukata vitunguu. Torunn alitamani aambiwe baki, au nitakungoja, au hata nenda zako. Kunyamaza kule kulimuuma.

Wiki hiyo kambini alikuwepo mjane mmoja wa Geneva, Célestine Aubry, mwenye buti nyeupe zenye manyoya ya mbweha, ndogo kama za mtoto. Suti yake nene ya baridi ilimzuia kuinama, kwa hiyo asubuhi tatu mfululizo Torunn alipiga magoti akamfunga kamba. Célestine alikisifia chakula bila haya, kisha akauliza kama mpishi ana mke, maana jikoni kwake kule ziwani kuna nafasi. Jumanne akaondoka kwenda kupanda ndege, na Torunn akashusha pumzi.

Jumatano mchana Torunn alinunua maandazi manne ya mdalasini akaenda kwa Eilif, ameamua kumuuliza waziwazi kama anamtaka. Nyumba zetu hazifungwi kwa ufunguo, maana anayekimbizwa na dubu lazima apate pa kuingia. Alifungua mlango wa nje. Kwenye rafu palikuwa na buti za Eilif, na kando yake zile nyeupe, zenye kamba zilezile alizokuwa akizifunga kwa mikono yake. Ndani, kahawa ilinukia na mwanamke alikuwa anacheka.

Aliufunga mlango polepole. Maandazi yote manne aliyala njiani huku analia, na kabla hajafika kwake alikuwa ameshaipigia simu ile meli na kusaini.

Alhamisi alirudi kambini kwa safari ya mwisho. Simu kumi na mbili za Eilif hakuzipokea. Lakini saa kumi na mbili jioni ilipofika, ilibidi apige mwenyewe, na aliyejibu si Gro.

"Watu tisa, upepo mdogo," Torunn alisema kwa sauti ya ofisini.

"Nimekukosea nini?"

"Muulize mwenye viatu vyeupe."

Eilif akacheka, jambo lililomkera Torunn hadi akataka kuitupa simu barafuni.

"Mwenyewe yuko hapa. Anataka kukusalimu."

"Mimi ni Aslaug, mama yake," ilisema sauti nyingine, ya mwanamke mzima asiye na haraka. "Nilikuja na viatu vya mjini, nikaanguka uwanja wa ndege. Mwanangu akaniokotea hivi kwenye sanduku la vitu wanavyoacha wageni hotelini. Vinanibana nataka kulia. Wewe ndiye arobaini na mbili?"

"Ndimi," Torunn alisema.

"Nimeleta pete ya mama yangu. Nilimwambia aitanue kwanza."

"Mama, nipe simu." Eilif alivuta pumzi. "Torunn, sikukwambia ubaki kwa sababu wewe si mtu wa kufungwa mahali. Nilitaka pete ifike kwanza, ndiyo niseme nitakungoja. Nimechelewa kusema."

"Nimeshasaini, Eilif. Miezi kumi."

"Kasafiri. Unanitaka au hunitaka?"

"Ninakutaka."

"Basi maliza ripoti. Gro ameshashika simu ya helikopta."

Wageni wanane walikuwa wamejipanga nyuma ya kioo, glasi mkononi, wakimtazama kiongozi wao akifuta machozi kwa mgongo wa glavu.

"Dubu hakuna," Torunn alisema. "Kiongozi amekubali."

Wiki iliyofuata alipanda ndege na pete kidoleni na raba miguuni, maana meli ingempa buti zake. Zile za zamani aliziacha kwenye rafu ya Eilif, herufi T imeshonwa ndani kwa mkono wa Aslaug.

Ziko palepale hadi leo, sambamba na za mwenyewe. Jirani akiingia hupaza sauti toka mlangoni, "Kumbe Torunn yupo?"

"Yupo," Eilif hujibu toka jikoni, bila kuinua macho kutoka kwenye vitunguu. "Ametoka kidogo."