Maandishi Mekundu ya Hinda

Kila Alhamisi baada ya masomo, Hinda aliingia katika chumba cha kompyuta cha shule yao mjini Garissa, akapangusa vumbi kwenye kibodi, kisha akaendelea kutengeneza ukurasa wa mtandao. Wafugaji wangeutumia kumwita daktari wa mifugo. Wangeandika jina, dalili za mnyama na mahali walipo.

Siku ya majaribio, kila aliyetaja mahali pasipokuwepo kwenye orodha ya maeneo ya ukurasa huo aliona neno jekundu: "Kosa!"

"Wallahi, ukurasa wako ni mkali kama ngamia aliyezaa juzi," alicheka Nuh, aliyekaa karibu naye. "Mtu akiandika tu, anapigwa teke!"

Hinda aliona haya. Alibadilisha mistari michache ya programu: mahali pasipojulikana pangeandikwa Hagadera, jina la kwanza kwenye orodha. Wekundu ukatoweka. Wanafunzi wote walimpigia makofi, na wafugaji wakaanza kuutumia ukurasa.

Wiki iliyofuata, bibi yake, Ayeeyo Timiro, alipiga simu kutoka malishoni, Hinda akiwa na Nuh katika chumba cha kompyuta.

"Hinda, mbuzi wanakohoa. Mjomba wako aliandika kwa jina langu kwenye ule ukurasa kwamba tuko ng'ambo ya laga, ule mto mkavu, karibu na bwawa jipya. Daktari hajafika, na wawili wameshakufa."

Hinda alielewa papo hapo: ukurasa ulikuwa umemwandikia daktari Hagadera.

"Sema mtandao ulikatika," Nuh alimnong'oneza.

Hinda alitikisa kichwa, akaenda kwa Mwalimu Abdilatif na kumweleza yote. Mwalimu alimpigia daktari simu. Kumbe daktari alikuwa Hagadera tangu asubuhi, akiuliza kila boma habari za Timiro! Aligeuza gari. Jioni mbuzi waliobaki walidungwa sindano.

Kesho yake Hinda aliandika upya. Sasa ukurasa haukufuta wala kubadilisha neno la mtu. Ulisema: "Mahali hapa hatupajui bado. Tafadhali eleza jinsi ya kufika."

Nuh aliujaribu. "Nyuma ya ng'ombe wa Billow," aliandika. Ukurasa ukamwomba aeleze zaidi. "Haya, sasa una adabu," akakubali.

Mwalimu Abdilatif alisoma ujumbe ule polepole.

"Wekundu ulikuwa unakuonya, Hinda, nawe ukaunyamazisha ili usichekwe," alisema. "Programu ikikosa jibu, iseme haijui, na imwonyeshe mtu la kufanya. Jana ulipokuja kwangu, wewe mwenyewe ulifanya hivyo: ulisema ukweli badala ya kuuficha. Ndiyo maana mbuzi waliobaki wa bibi yako wamenusurika."